Upepo Hutangulia Mvua

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi. Nimefurahi sana kusikia umepata mashua yako mwenyewe. Nimeona nikuandikie mapema, kabla majira ya joto hayajakolea.

Dhoruba za majira haya huzuka mchana mmoja. Nchi kavu hupata joto, upepo wa bahari huingiza hewa yenye unyevu, nayo hewa hiyo hupanda. Ikifika alasiri, wingu dogo jeupe limeshakuwa zito, jeusi chini, kilele kimetandaa. Wengi hungoja matone ndipo wageuze chombo. Wamechelewa! Hewa baridi inayoporomoka kutoka winguni huitangulia mvua, na huweza kuvuma zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Kwa hiyo ubaridi wa ghafla, au upepo uliokufa kisha ukageuka, ndiyo hodi yenyewe. Na ukisikia ngurumo, hata ya mbali, radi inaweza kukufikia. Hupiga hata kilomita 15 nje ya mvua. Rudi papo hapo, usitoke tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Dhoruba ikikukuta nje, kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla upepo haujapiga, maana mashua ikishaanza kuyumba kulivaa ni shida. Punguza tanga au mwendo wa injini, omo, yaani mbele ya mashua, iyakabili mawimbi kwa mshazari kidogo, watu wakae chini, mbali na mlingoti na vyuma. Redio iwe chaneli 16, ile ya wito wa dharura baharini. Kama bandari haifikiki, usikimbilie ufuko ambako upepo unakusukuma. Najua moyo utakuvuta huko, lakini vyombo vingi huvunjikia miambani. Afadhali kina kirefu.

Na maadamu mashua inaelea, hata ikipinduka, usiiache. Katika mbio za mashua za tanga za Fastnet, baina ya Uingereza na Ayalandi, Agosti 1979, tufani iliua washindani 15. Mashua 24 zilitelekezwa, na 19 kati yake zilikutwa baadaye zingali zinaelea. Habari hiyo huniuma kila nikiikumbuka.

Nakuomba jambo moja: kila unapotoka, niandikie unaelekea wapi, mko wangapi, na mtarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita bila habari yako, nitawapigia waokoaji bila kusita, hata kama utakuwa umechelewa tu kwa sababu samaki wanakula.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Hamisi