Salamu za Mwaka Mpya kwa Sisi Tuliokula Chumvi

Ndugu, jamaa na marafiki,

Nawasalimu nyote kwa furaha ya kuuona mwaka mpya. Nawaombea nafuu wale walio vitandani, na waliofiwa katika mwaka tunaouaga nawapa pole, ingawa najua pole haitoshi. Baada ya salamu hizo naomba ruhusa ya kulisema jambo ambalo msimu huu hutuletea mlangoni kila mara, na ambalo wengi wetu tumekuwa hodari wa kulikwepa kwa kubadilisha mazungumzo, nalo ni kwamba tunazeeka. Silisemi kwa huzuni. Nalisema kwa sababu kwa muda sasa limekuwa likinichekesha, na kicheko cha peke yako hakinogi.

Kalenda si shahidi wa kutegemewa katika suala hili, kwa kuwa humhesabia kila mtu mwaka uleule bila kumtazama usoni. Habari zenyewe za uzee huletwa na vitu vidogo visivyo na adabu. Kwangu mimi zililetwa na maandishi ya kwenye kisanduku cha dawa. Nilikisogeza mbali kidogo ili nisome, nikakisogeza tena, nikakipeleka chini ya taa, nikanyoosha mkono hadi kiwiko kikakataa, na herufi bado zilikuwa zimeshikana kama sisimizi waliokuta sukari. Mwanangu, ambaye alikuwa ananitazama muda wote huo bila kusema neno, aliniuliza kwa upole kabisa kama ningependa akishike yeye kile kisanduku, akasimame upande wa pili wa chumba.

Baadaye nilielezwa kwamba hakuna ugonjwa wowote hapo. Lenzi ya jicho, ambayo utotoni ni laini na hubadilika umbo mara moja, hukakamaa kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 10 kutoka usoni pake, ilhali mtu aliyevuka miaka 40 hujikuta anahitaji mkono mrefu zaidi ya ule aliopewa. Nilifarijika pia kusikia kwamba Benjamin Franklin, Mmarekani yule wa mambo ya umeme na siasa, mwaka 1785 akiwa na umri wa miaka 79, alieleza katika barua jinsi alivyokuwa na miwani ya vioo viwili katika fremu moja, nusu ya juu kwa vitu vya mbali na nusu ya chini kwa vya karibu. Sababu mojawapo aliyoitoa inanipendeza sana: akiwa mezani Ufaransa alitaka kukiona chakula chake na papo hapo azione nyuso za waliokuwa wakizungumza naye, kwa sababu uso wa msemaji ulimsaidia kuelewa Kifaransa. Huyo ndiye mzee wa kuigwa, maana hakuona sababu ya kuchagua kati ya chakula na mazungumzo.

Macho yakishatoa taarifa, viungo vingine havikawii. Mtu anaamka na shingo iliyokaza, na akichunguza alilofanya jana hakuti zaidi ya kwamba alilala. Kuketi kunakuwa na sauti yake, kunyanyuka kunakuwa na sauti nyingine, na zote mbili zinatoka kinywani kabla mwenyewe hajaziruhusu. Ukitaka kumwita mtoto mmoja unaanza na jina la kaka yake, unapitia la dada yake, na pengine la paka, ndipo unalifikia lile ulilokusudia, wakati mwenyewe ameshafika na kusimama mbele yako akisubiri umalize orodha.

Lakini hakuna jambo linalomshika mtu bila kujiandaa kama heshima. Nilikuwa nimesimama ndani ya basi, nimeshika bomba la juu kwa ukakamavu niliouona kuwa wa kijana, aliponyanyuka mtu mwenye ndevu zilizojaa akanipisha kiti. Nikageuka nyuma kumtafuta mzee aliyepishwa. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Katika dakika kama hiyo una njia mbili, na zote zinakuaibisha: ukikataa kiti unaonekana mzee mbishi, ukikikubali unakuwa umetia saini. Nilikaa. Na nikiri kwamba kiti kilikuwa kizuri, jambo ambalo liliniuma kuliko kule kupishwa.

Fomu za mtandaoni nazo zina ukatili wao wa kimyakimya. Unaulizwa mwaka wa kuzaliwa, inafunguka orodha inayoanza na watoto wa juzi, nawe unatelezesha kidole kuelekea chini, unapita miaka ya 2000, unapita miaka ya 1990, kidole kinapumzika kidogo kisha kinaendelea na safari, na unaanza kuogopa kwamba huenda orodha itaisha kabla hujafika kwako. Kwenye kompyuta kijana mmoja aliniuliza kile kijipicha cha mraba kinachobonyezwa ili kuhifadhi kazi ni picha ya nini. Nikamweleza kwamba ni disketi, kwamba tulizibeba mifukoni, na kwamba ile ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44, yaani picha moja tu iliyopigwa kwa simu yake mara nyingi isingeenea humo. Alinisikiliza kwa ile subira tunayowapa watu wanaosimulia habari za vita vya kale.

Hata salamu hizi zinanitaja umri. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na mhandisi kijana aliyeitwa Neil Papworth aliyeuandika kwa kompyuta hakuwa na lingine la kusema ila heri ya Krismasi. Kwa hiyo jambo hili la kutumiana heri kwa simu ni sikukuu iliyolianzisha. Sisi tuliolipokea mapema tulijifunza kubana dua, pongezi na jina la mtumaji ndani ya herufi 160, na hadi leo nafasi imekuwa bure lakini mkono haujazoea. Bado naandika jina langu mwishoni mwa ujumbe, ingawa mpokeaji ameshaliona juu. Bado naweka nukta, na nimeambiwa na wadogo zangu kwamba nukta mwishoni mwa ujumbe humfanya mtu aonekane amekasirika. Sijakasirika. Nimemaliza sentensi.

Linalozungumzwa zaidi kila mwaka unapogeuka ni kasi. Kila mmoja anasema mwaka umekimbia, na anayesema kwa mshangao mkubwa zaidi ndiye mkubwa kwa umri. Mwanafalsafa wa Kifaransa Paul Janet alitoa maelezo ya jambo hili mwaka 1877: kwamba tunaupima urefu wa mwaka kwa kuulinganisha na maisha tuliyokwisha kuishi, hivyo kwa mtoto wa miaka 10 mwaka ni sehemu ya kumi ya dunia yake yote, na kwa mtu wa miaka 50 ni sehemu ya hamsini. Kwa hesabu hiyo, mwaka wa mtu wa miaka 50 unalingana na wiki kumi hivi za mtoto. Hesabu ni safi, ila mimi naona haimalizi habari. Nadhani miaka yetu inakimbia kwa sababu siku zake zinafanana mno, Jumatatu ikivaa nguo za Jumatatu iliyopita, ilhali mtoto kila juma anakutana na kitu ambacho hajawahi kukiona. Ndiyo maana juma moja la safari ugenini, hata kwa mzee, hurefuka likawa na mambo ya kusimulia kuliko miezi mitatu ya nyumbani.

Kuna na furaha mpya, ambazo mtu wa miaka 20 hawezi kuzielewa hata ukimchorea. Miadi inapoahirishwa na mwenzako kabla hujatafuta udhuru wako mwenyewe, moyo unatulia. Ukipewa soksi nzuri kama zawadi, unashukuru kwa dhati, tena unaulizia zilikonunuliwa.

Sasa tuje kwenye mkesha. Zamani kungoja saa sita ya usiku hakukuwa kazi, na baada ya fataki ndipo sherehe ilipoanza. Siku hizi kuanzia saa tatu kope zinadai haki yake, nami najikuta kitini nimeinamisha kidevu, na mtu akinigusa bega nasema kwamba sikulala, nilifumba macho tu nikisikiliza. Wataalamu wa usingizi wanasema kwamba kadiri umri unavyosonga, saa ya ndani ya mwili hujirudisha mapema na usingizi mzito hupungua, kwa hiyo yule anayesinzia kabla ya wote ndiye huyohuyo anayezunguka nyumbani alfajiri akiwa macho makavu, akijizuia asiwapigie watu simu.

Basi nawatakia mwaka mpya wenye afya, miwani msiyoipoteza mara kwa mara, magoti yenye huruma na wajukuu wenye subira. Watakaoniandikia waandike kwa herufi kubwa. Na atakayependa kunitakia heri kwa sauti usiku wa mkesha, tafadhali apige kabla ya saa tatu, au angoje alfajiri, ambapo atanikuta nimeamka tayari.

Wasalaam.