Visukuku vichache haimaanishi kaa walikuwa wachache

Mhariri, hongereni kwa ile makala ya kaa wanaojifukia mchangani, wengi hatuna habari nao kabisa, ila kuna vitu viwili vimenikera na nimeshindwa kukaa kimya. Picha mliyoweka ni ya kaa mwingine, yule wa macho ya kusimama anayekimbia upande upande na kujichimbia shimo. Emerita, huyo kaa wa kujifukia mliyekuwa mnamwandika, wala hana shimo, anazama tu kinyumenyume pale wimbi linapopiga na mchanga unamfunika fasta, gando hana, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na wale wanaohamia kwenye makombe ya konokono kuliko hawa kaa wa kawaida. Wimbi likirudi baharini anatoa papasi zake (antena za kichwani) zilizo kama manyoya, ananasa vijidudu, anazipitisha mdomoni.

La pili ndo kubwa. Mmeandika visukuku vyao, yaani mabaki yao ya kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba, ni vichache kwa hiyo zamani walikuwa wachache. Jamani! Hebu fikirieni anakaa wapi huyu, pale pale maji yanaposaga kila kitu usiku na mchana, akifa viungo vinaachana na kutawanyika, sasa hicho kisukuku kitatoka wapi? Na anajivua gamba mara nyingi maishani mwake, kwa hiyo magamba yalikuwepo tele, kilichokosekana ni sehemu tulivu ya kuyahifadhi. Angalieni binamu zake kina Albunea, wengi wanajifukia mbele kidogo baharini ambako maji hayana fujo sana, wanavuta maji ya kupumua kwa papasi mbili ndefu zinazoungana kama mrija (mimi hapa huwa nacheka, mzamiaji na mrija wake). Hao visukuku vyao vimeokotwa, kwa mfano kaskazini mwa Italia kwenye miamba ya Eosini, enzi iliyoisha kama miaka milioni 34 iliyopita. Mara nyingi ni gamba la mgongo tu, lakini lina vifereji vyenye mpangilio wake na mtaalamu akiviona anajua huyu ni nani, ndo maana mtafiti wa kaa hawa, Christopher Boyko, mwaka 2002 aliweza kuwapitia kina Albunea walio hai na wa kwenye mawe kwa pamoja.

Kwa hiyo mkiirudia hiyo makala badilisheni picha, na pale mlipoandika "walikuwa wachache" wekeni "tumewapata wachache".