Simu Niliyokununulia

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako alizifikisha shangazi yako. Sote hapa Majengo tu wazima, ila jua ni kali na mvua bado hatujaiona.

Simu nimeipata. Siyo ile uliyoitaka, ya kamera tatu mgongoni. Najua ukifungua boksi moyo utashuka kidogo, ndiyo maana barua hii nimeiweka humo humo, uisome kabla hujaiwasha.

Nilikuwa na laki mbili na themanini. Kwa fedha hiyo kiwanda lazima kipunguze mahali, na mnunuzi anatakiwa ajue kimepunguza wapi. Miaka yote hii kwenye meza ya ufundi nimezifungua sana simu za bei hii. Zile za kamera tatu, mara nyingi inayopiga picha ya maana ni moja; zilizobaki utakuta ni za megapikseli 2, zimejaza nafasi tu. Hata hiyo moja ikiandikwa 50, kama kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo, ukiingia ndani usiku picha inajaa chenga. Kwa hiyo kamera nimeiacha. Hii ya kwako mchana itakutosha.

Fedha nimeipeleka kwenye betri. Ni ya mAh 5,000, na pale chuoni Mpwapwa, bweni zima mkigombea soketi mbili, utaniombea dua. Kioo chake ni cha pikseli 720. Ukikiweka karibu na cha mwenzako utaona maandishi yake si makali sana. Nimekubali hilo nikijua kioo cha namna hii hakili chaji sana.

Kwenye boksi utaona RAM, kumbukumbu ambayo simu inaitumia ikiwa kazini, imeandikwa GB 8. Usiamini. Nne ndizo za kweli, nne nyingine simu inazikopa kwenye hifadhi yake, na hifadhi haina kasi ya RAM. Ukifungua programu nyingi kwa pamoja itaganda. Funga usizozitumia, uwe na subira nayo.

Linalonisumbua ni masasisho. Simu za bei hii hazipati masasisho ya usalama kwa miaka mingi, na wewe humo ndani utaweka fedha yako ya mwezi mzima. Programu pakua Play Store tu. Kiungo chochote kinachokuja kwa meseji kikikuambia umeshinda zawadi, kifute, hata kama kimetumwa na mtu unayemfahamu.

Utauliza kwa nini sikuchukua ile nzuri kwa mkopo wa kulipa kila siku. Nilipiga hesabu: mpaka deni liishe ningekuwa nimelipa zaidi sana ya bei ya dukani, na siku ukikosa malipo simu inajifunga yenyewe. Sitaki mtihani wako ukukute na simu iliyofungwa kwa sababu baba yako hakupata wateja wiki hiyo.

Nimeikagua pia. Unakumbuka simu ya mama yako iliyozimika Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozifungia simu bandia nchi nzima? Niliinunua mimi, kwa muuzaji niliyemwamini, na sikuikagua, mimi fundi! Bado inaniuma. Safari hii nilibonyeza *#06# palepale dukani, ikatokea namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu, nikaituma kwenda 15090, jibu likaja na jina na modeli ileile iliyoandikwa kwenye boksi. Risiti iko chini ya chaja, itunze.

Vumbi la huku kwetu ndilo adui wa tundu la chaji. Nusu ya simu ninazoletewa kwamba hazipeleki chaji zimejaa vumbi tu. Ukiona waya unalegea, izime, usafishe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe usitumie sindano. Na usiichaji dirishani juani. Joto ndilo linalovimbisha betri.

Kava na protekta nimeshaviweka. Memori kadi ya GB 32 ni ya mama yako, ameitoa kwenye mauzo ya karanga, kwa hiyo ukishaweka laini mpigie yeye kwanza. Mimi nitasubiri.

Baba yako