Paa la asbesto: fundi asiguse kwanza

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kuhusu yale majengo ya zamani hapa Kirumba: mapaa ya kijivu yenye mawimbi, yanayofanana na simenti, huenda yana asbesto, yaani madini ya nyuzi nyembamba sana. Kwa macho huwezi kuthibitisha, lazima kipande kipimwe maabara. Paa likiwa zima, bila nyufa wala kumomonyoka, hatari ni ndogo, liacheni. Balaa ni kulikata, kulitoboa au kufagia vumbi lake likiwa kavu. Nyuzi zake huingia mapafuni, na saratani yaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Kwa hiyo fundi asipande paani Jumamosi kama ilivyopangwa! Nawasihi sana, watoto wasichezee vipande vilivyoanguka. Kesho nakwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuuliza utaratibu. Mwenye picha za nyufa atume hapa leo.