Kwa Mwalimu Damiano, kuhusu Henry Rono

Mpendwa Mwalimu Damiano,

Nakusalimu wewe pamoja na mama watoto, na natumaini mvua za huko Mbulu zimewaachia vijana wako njia inayofaa kwa mazoezi. Barua yako nimeipata. Kabla sijayajibu mengine, nataka nianze na lile uliloligusia kwa kupita tu, kwamba huwa unawasimulia wanafunzi wako habari za Henry Rono, yule mkimbiaji wa Kenya, kama mfano wa mtu aliyejaliwa kila kitu na Mungu, kisha akaanguka ghafla na kukipoteza chote kwa pombe. Katika hilo, Mwalimu, sikubaliani nawe. Na kwa kuwa safari hii mmoja wa vijana hao amepata ufadhili wa kwenda kusoma na kukimbia Marekani, naona si jambo la kuliacha lipite.

Turudi kwanza mwaka 1978. Rono, mzaliwa wa Nandi, alikuwa na umri wa miaka 26 na alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kwenye mji mdogo wa Pullman. Tarehe 8 Aprili, mjini Berkeley, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4, ikawa rekodi ya dunia. Tarehe 13 Mei, mjini Seattle, akavunja ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4. Tarehe 11 Juni, mjini Vienna, akaipunguza rekodi ya mita 10,000 kwa sekunde nane hivi, na aliyenyang'anywa rekodi hiyo alikuwa Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake wa chuo kilekile. Tarehe 27 Juni, mjini Oslo, akamalizia na mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi nne za dunia katika siku 81, na mbili kati yake, ile ya viunzi na ile ya mita 3,000, zilidumu hadi mwaka 1989. Katika mwaka huohuo alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika mjini Algiers na nyingine mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Sijui mkimbiaji mwingine wa masafa hayo aliyewahi kuwa na mwaka wa namna hiyo.

Ila kuna jambo la Novemba ya mwaka huohuo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Katika mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, ambazo alikuwa amezishinda mwaka 1976 na 1977, Rono alimaliza akiwa wa 237. Mwaka 1979 akarudi na kushinda. Mwaka 1981, wakati watu walikwisha kumhesabu kuwa amekwisha, alikwenda Knarvik nchini Norway akaivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 6.20, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku wa kuamkia mbio hizo alikuwa amekunywa. Ndiyo maana neno lako la kwamba alianguka "ghafla" halinikai vizuri. Ni mtu aliyekuwa akiugua na kuinuka, akiugua na kuinuka, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakimtazama saa tu, na kwa kuwa saa ilikuwa bado inasoma vizuri, hakuna aliyeuliza kingine.

Nawe utaniuliza, alikuwa anaugua nini? Ulevi wenyewe ni ugonjwa, lakini nadhani lipo lililoutangulia. Mwaka 1976 Rono alikuwa tayari kwa Olimpiki ya Montreal, Kenya ikajitoa pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Uamuzi ule nauunga mkono hadi leo, na najua nawe unauunga mkono; ila tusijifanye kwamba haukuwa na mlipaji, na mlipaji hakuwa waziri. Mwaka 1980, akiwa bado anamiliki rekodi zote nne, Kenya ikaisusia Olimpiki ya Moscow kwa kuifuata Marekani. Hapo siwezi kuwa mwepesi wa kusifu. Rono hakukimbia Olimpiki hata moja maishani mwake.

Sasa tazama upande wetu wa mpaka. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo na John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumpata. Mwaka uliofuata akaweka rekodi ya maili mjini Kingston, nayo Walker akaichukua baada ya miezi mitatu tu. Kisha ikaja 1976: malaria ilimpata karibu na michezo, na Tanzania nayo ikasusia. Lau hadithi yake ingekomea hapo, leo ungekuwa unawasimulia vijana wako nyota wawili waliozimika badala ya mmoja. Lakini Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi, ambaye alikuwa amehamia kwenye viunzi na maji, alipata fedha kwa dakika 8 na sekunde 12.48, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland aliyetumia 8:09.70. Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika mita 5,000. Hao wawili ndio Watanzania pekee waliowahi kupata medali ya Olimpiki.

Linganisha muda wa Malinowski na ule wa Rono pale Seattle. Najua, na wewe kocha unajua kunizidi, kwamba mbio za medali hazikimbiwi kwa saa, na kwamba Rono wa 1980 hakuwa tena yule wa 1978. Sidai kwamba angeshinda. Ninachodai ni kwamba Bayi alikuwa na siku ya kuisubiri na kujipanga kwa ajili yake, na Rono hakuachiwa siku hiyo.

Kuna na suala la fedha, ambalo nitaligusa kwa ufupi. Ilikuwa enzi ya michezo ya ridhaa. Mkimbiaji hakuruhusiwa kulipwa waziwazi, kwa hiyo waandaaji wa mbio za Ulaya walilipa kwa siri, kwa bahasha, pasipo mkataba wala mtu wa kumshauri kijana namna ya kuweka akiba. Baada ya 1982 mambo yake yaliharibika upesi. Mwaka 1986 alikamatwa kimakosa huko New Jersey akidhaniwa kuwa mshiriki wa genge la matapeli wa benki. Baadaye aliishi katika makazi ya watu wasio na nyumba. Lakini hapo wewe huwa unafunga simulizi yako, nami nakuomba usifunge. Rono aliacha pombe. Huko Albuquerque alibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege, akafundisha shule, akawanoa wakimbiaji. Alirudi Kenya mwaka 2019, akafariki Nairobi Februari 2024 akiwa na miaka 72.

Kwa hiyo kijana wako akikaa mbele yako, tafadhali usimpe onyo la pombe peke yake, maana atakuitikia "ndiyo, Mwalimu" na moyoni ataamini kwamba yeye si mlevi na habari hiyo haimhusu. Mimi ningeanzia kwenye ratiba. Vyuo vya huko vina mbio za nyika wakati wa majani kupukutika, mbio za ndani ya ukumbi wakati wa baridi, mbio za uwanjani wakati wa machipuko, na wenye uwezo mkubwa huendelea Ulaya kiangazi; mwaka unaisha mtu hajapumzika. Kocha anayemchukua aulizwe kwa maandishi atamkimbiza mara ngapi kwa mwaka, na akiumia ufadhili unabaki au unakatwa. Aulizwe pia ni lini atapata nauli ya kurudi nyumbani kuwaona wazazi, na kama pale chuoni kuna mtu mzima, asiye kocha wake, ambaye kijana anaweza kumwendea usiku akilemewa. Nakumbuka uliandika kwamba karatasi zimeletwa zote kwa Kiingereza na baba yake ameambiwa aweke dole gumba tu. Niletee nakala. Nina jamaa hapa Arusha, wakili, aliyekubali kuzisoma bila malipo, na ni bora tusubiriwe wiki mbili kuliko kijana kusaini kitu asichokielewa.

Kama bado unaona nimemtetea Rono kupita kiasi, niandikie, najua hutaninyamazia.

Wasalaam,
Rafiki yako,
Elibariki