Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati na Petroli: tuambiwe nani anakuja kuzungumzia haidrojeni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Njoro. Mimi ni mkulima wa mahindi, na nakuandikia kuhusu haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme jadidifu, kwa sababu serikali imetuahidi kwamba itatuletea mbolea. Mkakati uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, wakati wa Kongamano la Tabianchi la Afrika, unalenga kwamba kufikia 2027 tuwe tunatengeneza hapa nchini takriban tani 100,000 za mbolea ya nitrojeni kila mwaka, na soko la ng'ambo lifuate baadaye. Naunga mkono mpangilio huo kwa moyo wote. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na wengi wetu tulipanda bila mbolea ya kutosha. Ruzuku iliushusha hadi 3,500, kisha 2,500 mwaka uliofuata, lakini ruzuku hiyo ni kodi yetu wenyewe, na mbolea ingali inateremshwa melini Mombasa.

Hofu yangu ni kwamba mpangilio huo unaweza kugeuzwa kimyakimya, kanuni moja baada ya nyingine, na watu waliojipanga vizuri kuliko sisi.

Tazama yaliyotokea Ulaya. Aprili 2020 Hydrogen Europe, chama cha biashara chenye makao Brussels, kilichapisha pendekezo la kujenga gigawati 40 za mitambo ya kupasua maji ndani ya Umoja wa Ulaya na nyingine 40 kwa majirani, Afrika Kaskazini ikiwemo. Julai mwaka huo huo Tume ya Ulaya ikatoa mkakati wake, na gigawati 40 zikawemo kama lengo la 2030. Mwaka 2022 likaja lengo kubwa zaidi: tani milioni 10 za haidrojeni za kuzalisha ndani ya Umoja na tani milioni 10 za kuagiza kutoka nje. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, inayokagua matumizi ya fedha za Umoja huo, ilipochunguza, ilisema malengo hayo yalisukumwa na utashi wa kisiasa badala ya uchambuzi thabiti.

Sisemi chama hicho kilivunja sheria. Kazi ya chama cha wafanyabiashara ni kutetea wanachama wake. Kinafika mapema, kinaleta karatasi iliyoandikwa vizuri yenye tarakimu, na ofisa mwenye kazi nyingi anapata rasimu iliyokwisha kupikwa. Kinachonigusa ni kwamba nusu ya ndoto ile, zile tani milioni 10 za kuagizwa, inategemea umeme na maji ya nchi nyingine. Sisi ni miongoni mwa nchi zinazotajwa. Kenya ilikuwa kati ya serikali sita zilizoanzisha Muungano wa Haidrojeni ya Kijani Afrika mwaka 2022, pamoja na Misri, Morocco, Mauritania, Namibia na Afrika Kusini. Kwa upande wa kampuni kuna African Hydrogen Partnership, chama cha bara zima kilichosajiliwa Mauritius. Hawa wote wana haki ya kubisha hodi kwako.

Kuna kanuni moja ya Ulaya ambayo naomba usiipite haraka. Vyama vya sekta vilibishana na Tume muda mrefu kuhusu umeme gani unastahili kuitwa wa kijani, vikilalamika kwamba masharti ni makali mno. Kanuni zilizotoka 2023 zinataka umeme utoke kwenye mitambo mipya, ili haidrojeni isinyang'anye umeme uliopo. Lakini kiwanda kitakachoanza kazi kabla ya 2028 kimesamehewa sharti hilo hadi 2038. Tena, mahali ambapo zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa gridi ni jadidifu, sharti hilo halipo kabisa. Gridi yetu inazungukia asilimia hiyo hiyo. Kwa hiyo mwekezaji anaweza kuja hapa, akachota umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria ambao tayari unawasha nyumba zetu, akauza Ulaya amonia, kemikali inayotengenezwa kwa haidrojeni, kwa jina la kijani, na karatasi zake zikawa safi.

Kutengeneza tani moja ya amonia kwa njia hii kunakula takriban uniti 10,000 za stima. Mahitaji yetu ya kilele yamepita megawati 2,300, na tunanunua umeme kutoka Ethiopia. Amonia ndiyo inayotengeneza CAN, mbolea ya nitrojeni ninayoweka shambani, na ni amonia hiyo hiyo inayopakiwa melini. Mwaka 2024 mnunuzi anayefadhiliwa na Ujerumani alikubali kulipa euro 811 kwa tani, kabla ya usafirishaji, kwa amonia ya kijani ya Misri. Mkulima wa Njoro hawezi kushindana na bei hiyo. Kitakachomlinda ni kanuni zako tu.

Nao majirani zetu Wamaasai wa Olkaria wanajua maana ya mradi wa kijani usiowasikiliza watu mapema. Waliohamishwa 2014 kupisha mtambo wa Olkaria IV walilazimika kupeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ndipo upatanishi ukafanyika.

Katika Umoja wa Ulaya kuna rejista ambamo mshawishi anaandika anamwakilisha nani na anatumia kiasi gani, na makamishna huchapisha mikutano yao nao. Hayo hayajazuia ushawishi, lakini mwananchi anaweza kuufuatilia. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Tuna Katiba, ambayo Kifungu cha 35 kinaitaka serikali itangaze habari yoyote muhimu inayohusu taifa, na huhitaji kusubiri Bunge ili kuanza.

Naomba wizara ichapishe kwenye tovuti yake kila mkutano kuhusu haidrojeni kati ya maofisa wake na chama chochote cha biashara, cha hapa au cha nje: tarehe, waliohudhuria, na karatasi walizoacha mezani. Kanuni za haidrojeni zikiandikwa, rasimu iende pamoja na maelezo ya nani alipendekeza nini, na ije kwa Kiswahili. Vyama vya ushirika vya wakulima viitwe wakati rasimu bado ni laini, si siku ya ushirikishi wa umma hotelini wakati kila kitu kimeshakauka. Na leseni ya kiwanda chochote kinachotumia umeme wa gridi ieleze ni tani ngapi za mbolea zitabaki nchini kabla ya tani ya kwanza kusafirishwa.

Nitashukuru kupata jibu lako hadharani, kama nilivyoandika hadharani.

Wako kwa heshima,
Mkulima wa mahindi, Njoro, Kaunti ya Nakuru