Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Deni Ulilosema Umelivuka

Mpwa wangu mpendwa,

Jina lako silitaji, na ruhusa ya kuandika haya hadharani nilikuomba mapema. Ulicheka ukasema maneno ya mjomba hayajawahi kumuua mtu. Basi yapokee.

Jumapili ile mezani, dada yako alipokuuliza kwa upole kuhusu pesa alizokukopesha kutoka kwenye chama chao cha kuweka akiba, ulimjibu kwamba haki na deni ni desturi ambazo watu wamejitungia, na kwamba anayekua kiroho hufika mahali ambapo wema na uovu havimshiki tena. Mama yako aliinuka akaenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba. Mimi nilinyamaza, kwa sababu hoja yako haikuwa ya kijinga, na sikutaka kuijibu kwa hasira za mzee.

Ni kweli kwamba desturi hutofautiana, na wazee wetu walihalalisha mambo ambayo leo yanatutia aibu. Lakini kama haki ni desturi tu, aibu hiyo inatoka wapi? Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujengwe mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuupinga. Bungeni alikejeliwa, na akaambiwa kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Desturi ilikuwa upande wa mnara. Ukishikilia kwamba haki ni kile tu ambacho jamii imekikubali, itakubidi useme kuwa mwaka ule mama huyo alikosea, kisha akageuka kuwa sahihi baadaye, wengi walipobadili mawazo. Sidhani unaamini hivyo, wewe ambaye umejilaza kwenye nyasi zile mara nyingi kuliko mimi.

Ulinitajia pia maneno ya mwanafalsafa wetu John Mbiti ya mwaka 1969, kwamba mimi nipo kwa sababu sisi tupo, ukayafanya yathibitishe kuwa jamii ndiyo inayotunga maadili. Mimi nayasoma vingine. Kama kuwepo kwangu kumefungamana na kuwepo kwako, basi kukudhulumu ni kuharibu kitu kilichopo, na kitu kilichopo hakingoji kupigiwa kura. Lile swali jingine, la iwapo jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru au ameliamuru kwa kuwa ni jema, Plato alimpa Socrates aliulize kule Athens, na wanazuoni wa Kiislamu, wa Mutazila na wa Ashari, wakalibishania kwa karne nyingi. Silimalizi hapa Buruburu, kati ya umeme kukatika na umeme kurudi.

Acha nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka jana, Ijumaa moja jioni, nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, simu ililia na ujumbe ukaingia kwamba nimepokea shilingi 1,850 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Dakika chache baadaye mwanamke alipiga, akasema kwa haraka kwamba amekosea tarakimu moja ya mwisho. Nilimwambia simsikii vizuri, nikakata. Nikajisemea kuwa hawa ni matapeli, maana kila mkazi wa Nairobi amewahi kutumiwa ujumbe wa uongo wa namna hiyo. Ila niliangalia salio, na salio lilikuwa limeongezeka kweli. Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwa wakala nikazitoa zote, kabla hajawahi kuiomba kampuni ya simu izirudishe.

Sasa fikiria. Hakuna jirani aliyeniona, na mwanamke yule hakuwa na njia ya kunifikia mlangoni. Hata hivyo, usiku kucha nilikuwa nikijitetea: kwamba mimi pia nimewahi kukosea nambari na sikurudishiwa, kwamba kiasi chenyewe ni kidogo, kwamba angekuwa makini. Nilikuwa nikijitetea mbele ya nani? Mtu hajitetei mbele ya desturi ambayo haipo chumbani. Jumapili nilisimama kanisani na bahasha ya sadaka mkononi, na ndani ya bahasha mlikuwa na noti mbili kati ya zile. Nilijua vizuri kilichoandikwa katika Mathayo 5, kwamba ukiwa mbele ya madhabahu ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka uende kwanza ukapatane naye. Niliyafunga macho nikaomba, na maombi yakawa kama kutafuna karatasi. Jumatatu asubuhi nilimpigia.

Kwa hiyo unaposema kwamba alfajiri zako za kimya kule Ngong zimekuvusha ng'ambo ya wema na uovu, nashangaa, kwa maana hata njia uliyoichagua haisemi hivyo. Katika yoga ya Patanjali, mwalimu wa kale wa India, yenye hatua nane, ya kwanza ni kujizuia: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba. Mkao ni wa tatu na pumzi ni ya nne. Wafuasi wa Buddha nao huzishika amri tano, na kutochukua usichopewa ni mojawapo. Wewe umeanzia hatua ya tatu.

Mahali pamoja nakubaliana nawe. Nimewajua wazee wa kanisa wasiodaiwa hata senti, ambao roho zao zimekauka kama ngozi ya ngoma, na ukiwasogelea unatamani kuondoka. Kushika sheria peke yake hakukumpa yeyote kati yao upole. Lakini sijamwona aliyeupata upole huo akiwa amemruka mtu ambaye yeye mwenyewe amemdhulumu, na kadiri ninavyozeeka ndivyo vitu vidogo vinavyozidi kuniuma, vitu ambavyo nikiwa na umri wako nisingeviita hata makosa.

Dada yako hutoka kazini saa kumi na moja. Kwenye matatu hashiki simu, anaogopa wezi wa dirishani, kwa hiyo mpigie baada ya saa moja usiku. Kama pesa huna, mwambie huna. Atauliza utalipa lini, na ukimpa tarehe ataiandika kwenye kile kidaftari chake cha chama.

Mjomba wako.